Waute na Waafghani: mtazame anayeshika mkataba

Swali: Mimi ni mwalimu wa Historia katika sekondari moja Iringa. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wamebishana wiki nzima. Wapo wanaosema Waafghani na Waute, wenyeji wa asili wa Marekani, hadithi yao ni moja: wote walipigana na jeshi la Marekani, wote wamekalia mali iliyo chini ya ardhi, na wote ni maskini. Je, hali zao za kijamii na kiuchumi zinafanana kweli? Na nani ana afadhali?

Mwalimu, asante kwa swali. Nianze na la mwisho, maana najua ndilo darasa linalolisubiri. Kwa kipato, Waute wana afadhali, tena kwa mbali. Pato la mtu mmoja Afghanistan linazunguka dola 400 kwa mwaka. Majira ya baridi yaliyofuata Taliban kurudi madarakani, Waafghani karibu milioni 23 walikuwa na upungufu mkubwa wa chakula. Hakuna Muute anayeishi katika hali ya namna hiyo. Yeye ni raia wa Marekani, ana haki ya msaada wa chakula na matibabu ya serikali, na akiamua kuondoka kwao kwenda Denver kutafuta kazi hahitaji viza ya mtu.

Lakini waambie wanafunzi wasifunge daftari bado, waangalie umri wa kuishi. Mwaka 2021 wastani wa wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska, kwa ujumla wao, ulishuka hadi miaka 65.2. Wa Afghanistan mwaka huohuo ulikadiriwa kuwa karibu miaka 60. Taifa lenye uchumi mkubwa kuliko yote duniani likiwa upande mmoja, mojawapo ya nchi maskini kabisa upande wa pili, na pengo lenyewe ni miaka mitano hivi! Corona iliushusha sana ule wa Marekani, ila tatizo lilikuwepo kabla ya Corona: kisukari, maini yaliyoharibiwa na pombe, dawa za kulevya, ajali kwenye barabara ndefu zilizo mbali na hospitali. Kwa Waafghani wanaokufa ni akina mama katika uzazi (zaidi ya 500 kwa kila vizazi hai 100,000) na watoto wadogo, juu ya miongo minne ya vita. Namba zimekaribiana ilhali vifo vyenyewe havifanani kabisa. Anayelinganisha namba bila kuuliza watu wanakufa kwa nini hajalinganisha kitu.

Sasa nirudi kwenye hoja zao nyingine mbili, vita na mali, lakini nianze na jambo waliloliruka.

Kwanza ukubwa. Waute ni makabila matatu yanayotambuliwa na serikali kuu ya Marekani: Waute wa Uintah na Ouray walioko Utah, makao yao Fort Duchesne, Waute wa Kusini, Ignacio, Colorado, na Waute wa Ute Mountain, Towaoc, kwenye kona ya kusini-magharibi ya Colorado. Wanachama wa makabila yote matatu hawafiki 10,000. Wote wakiingia Uwanja wa Benjamin Mkapa hata robo hawajazi. Afghanistan ni nchi yenye watu milioni 40 hivi: Wapashtuni, Watajiki, Wahazara, Wauzbeki na wengineo, kila kundi na historia yake na manung'uniko yake dhidi ya mengine. Kusema "Waafghani" kwa pumzi moja ni sawa na kusema "Watanzania" ukidhani umeshaeleza mgogoro wa ardhi wa Kilosa.

Pili, vita. Mapigano yanayojulikana zaidi kati ya Waute na jeshi la Marekani ni ya mwaka 1879, nayo hayakumaliza wiki mbili. Afghanistan Wamarekani walikaa miaka 20, na wapo Waafghani wengi tu waliopigana upande wao. Lakini kile kisa cha 1879 kinafaa kukaliwa kidogo, kwa sababu ndani yake mna kitu ambacho Mwafghani wa Helmand, mkoa wa kusini mwa nchi yake, angekitambua mara moja.

Pale White River, Colorado, serikali ilimweka wakala aitwaye Nathan Meeker. Alikuja na imani kwamba Waute wataacha uwindaji na ufugaji wa farasi, watashika jembe, na ndiyo itakuwa pona yao. Kwa Waute farasi ndiye alikuwa mali, heshima na starehe kwa pamoja. Meeker akaamua kulima malisho, akaenda mpaka kwenye uwanja wao wa kushindanisha farasi. Akasukumwa na mmoja wao katika ugomvi huo, naye akaandika kuomba askari. Jeshi lilipokanyaga ardhi yao, mapigano yakaanza. Kwenye kituo Meeker na wafanyakazi wake wanaume waliuawa. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria, na mwaka 1881 Waute wa White River wakahamishiwa Utah. Pamoja nao walihamishwa Wauncompahgre, kundi jingine la Waute, watu wa kiongozi Ouray, ambao hawakushiriki. Ouray mwenyewe ndiye aliyehangaika kutuliza moto ule, akafa mwaka 1880 kabla ya kuona watu wake wakiondolewa. Mabonde waliyoyaacha yakajaa walowezi haraka mno, kiasi kwamba ni vigumu kuamini kosa la Meeker ndilo pekee lililowafukuza.

Sasa hama miaka 70 na bahari moja. Mwaka 1946 serikali ya mfalme Zahir Shah iliiajiri kampuni ya ujenzi ya Morrison-Knudsen, yenye makao Idaho, jimbo linalopakana na Utah, kujenga mabwawa na mifereji katika bonde la mto Helmand. Bwawa la Kajaki likakamilika mwaka 1953. Fedha za Kimarekani zikaingia, na pamoja nazo mpango wa kuwatuliza wafugaji wanaohamahama: wapewe mashamba Nad Ali na Marja, wawe wakulima. Ardhi yenyewe ilikuwa na tabaka gumu chini lisilopitisha maji. Maji yakatuama, chumvi ikapanda juu, mazao yakafifia, na baadhi ya familia zikafunga mizigo. Ndiyo Marja hiyohiyo iliyoingiwa na wanajeshi wa majini wa Marekani mwezi Februari 2010, wakipigana ndani ya mifereji iliyochorwa na wahandisi wa nchi yao. Kama darasa linataka mfanano wa kweli kati ya watu hawa wawili, upo hapa: mgeni mwenye dhamira na bajeti, asiyejua mfugaji anahesabu nini kuwa utajiri.

Jambo la tatu, mali chini ya ardhi, ndiyo yenye nyama. Na hapa ushauri wangu ni huu: kabla ya kulinganisha Muute na Mwafghani, linganisha Muute na Muute.

Mwaka 1895 Waute waliobaki Colorado walitakiwa wakubali kugawiwa vipande vya ardhi mtu mmoja mmoja. Wamouache na Wacapote, makundi mawili ya Waute, wakakubali. Hao ndio Waute wa Kusini wa leo. Waweeminuche, chini ya mzee wao Ignacio, wakakataa, wakaenda magharibi kwenye eneo kavu wakabaki na ardhi ya pamoja. Hao ndio Ute Mountain. (Mji wa Ignacio umepewa jina la mzee huyo, lakini uko kwa wale waliokubali. Historia ina utani wake.) Waliokubali walipata hasara haraka: ardhi iliyobaki baada ya mgao ikafunguliwa kwa walowezi, na hadi leo eneo lao ni viraka, shamba la kabila limepakana na la mzungu kama ubao wa drafti.

Ila chini ya viraka hivyo kulikuwa na gesi, nyingi sana, katika bonde la San Juan. Kwa miaka mingi gesi hiyo ilichimbwa na makampuni kwa leseni zilizosimamiwa na ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia wenyeji, BIA. Ofisi ndiyo iliyoidhinisha mkataba, ndiyo iliyopokea fedha na kuziweka kwa jina la "amana". Kabila lilipokea mrabaha lililoambiwa ni haki yake, bila njia ya kuhakiki kilichotoka kisimani. Mwaka 1974 baraza la Waute wa Kusini likasimamisha utoaji wa leseni mpya. Fikiria uzito wa uamuzi huo: watu maskini wanafunga bomba lao wenyewe la fedha, kwa karibu miaka kumi, ili kwanza wajue wana nini. Wakaunda idara yao ya nishati, wakajifunza kusoma vitabu vya hesabu vya makampuni na kudai walichopunjwa. Sheria ya mwaka 1982 ikayaruhusu makabila kujadili mikataba ya madini wao wenyewe, na mwaka 1992, Leonard Burch akiwa miongoni mwa viongozi waliosukuma jambo hilo, kabila likaanzisha kampuni yake ya uchimbaji, Red Willow. Likanunua visima vilivyokuwa kwenye ardhi yake, halafu likaingia kwenye mabomba ya kukusanyia gesi.

Si kila pambano walishinda. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba gesi iliyonaswa ndani ya makaa ya mawe si sehemu ya makaa yenyewe, kwa hiyo kabila lenye haki ya makaa chini ya mashamba ya walowezi halina haki ya gesi hiyo. Pigo kubwa. Lakini wakati huo walikuwa tayari na kampuni, wataalamu na akiba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakala wa kupima uwezo wa kulipa madeni waliwapa daraja la juu kabisa, AAA, daraja ambalo serikali nyingi duniani zinaliota tu. Leo kabila hilo lina mali za mabilioni ya dola, ndilo mwajiri mkubwa kuliko wote katika wilaya yake, na wazee wake wanapata pensheni kutoka kwenye mfuko wa kabila.

Sasa nenda Towaoc, kwa waliokataa mgao. Ni ndugu wa damu walioabudu pamoja na kucheza Ngoma ya Dubu pamoja kila majira ya kuchipua. Hadi miaka ya 1980 maji ya kunywa Towaoc yaliletwa kwa lori kutoka mji wa Cortez. Si karne ya 19, Mwalimu, ni enzi za Rais Reagan, na kijiji kiko ndani ya Marekani, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka mjini. Bomba lilifika pamoja na mradi wa maji wa mto Dolores, na mradi huo ukawapa pia shamba la umwagiliaji la hekta zaidi ya 3,000, linalolima mahindi, ngano na majani ya mifugo. Mwaka 2021 ukame ukapiga, shamba likapata kama asilimia 10 tu ya mgao wake wa maji, na watu wakapunguzwa kazi. Kijiji chao kingine, White Mesa huko Utah, kiko kilomita chache kutoka kinu cha kusaga urani, na wanakijiji wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu maji na hewa. Wana kasino pia, iliyofunguliwa mwaka 1992. Inasaidia, haijawatoa.

Wa tatu, wale wa Utah, wana mafuta mengi, lakini walibebeshwa jambo jingine. Mwaka 1954 Bunge lilipitisha sheria iliyowatenga Waute 490 waliohesabiwa kuwa na damu ya Kiute chini ya nusu. Mwaka 1961 wakaondolewa rasmi kwenye kabila, na kesi za mgawanyo wa mali zikaendelea hadi Mahakama Kuu. Ndugu wa tumbo moja waliweza kujikuta mmoja ni Muute kisheria na mwingine si Muute. Athari za kijamii za kitu kama hicho huwezi kuziona kwenye jedwali la pato.

Kwa hiyo ndani ya watu wasiofika 10,000, wenye lugha moja na adui mmoja wa kihistoria, tayari una hali tatu tofauti. Kinachozitenganisha ni pamoja na bahati ya jiolojia, silikatai. Lakini gesi ya Waute wa Kusini ilikuwepo pia enzi wakiwa hohehahe. Kilichobadilika ni nani anakaa mezani mkataba unaposainiwa na nani anashika daftari la fedha.

Chukua swali hilohilo uende nalo Kabul. Kabla ya Agosti 2021, wafadhili walilipia karibu robo tatu ya matumizi ya serikali ya Afghanistan. Taliban walipoingia tarehe 15 Agosti, fedha hizo zilikatika takriban kwa siku moja, na akiba ya benki kuu ya takriban dola bilioni 9 ikazuiwa nje, bilioni 7 kati yake zikiwa Marekani. Uchumi ukaporomoka kwa takriban moja ya tano. Februari 2022 Rais Biden akatenga nusu ya zile bilioni 7 kwa ajili ya Waafghani, nazo zikahamishiwa kwenye mfuko ulioko Uswisi, huku nusu nyingine ikisubiri kesi za wahanga wa Septemba 11. Mzee wa Kiute akisoma habari hiyo hatahitaji mkalimani: fedha zako, kwa jina lako, mkononi mwa mwingine, "kwa faida yako".

Hata hivyo nisingependa darasa limalizie lawama Washington. Ndani ya Afghanistan kwenyewe mkono ulioshika fedha ulikuwa na mashimo yake, na kuna kisa ambacho wanafunzi wako watakipenda kwa sababu kimeanzia jirani. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, mwaka uliofuata kampuni ya simu ya Roshan ikaipeleka Afghanistan kwa jina la M-Paisa. Mwaka 2009 polisi wa mkoa wa Wardak wakaanza kulipwa kwa simu. Wengi walidhani wameongezwa mshahara. Hawakuongezwa, ilikuwa mara yao ya kwanza kuupokea mzima bila mabosi kukata cha juu, na ikaonekana kwamba takriban mmoja kati ya kumi kwenye orodha alikuwa polisi hewa. Kamanda mmoja aliwataka vijana wake wamkabidhi simu zao ili aende kuwachukulia mshahara yeye. Na hilo lilitokea chini ya serikali iliyopendwa na wafadhili.

Madini je? Shaba ya Mes Aynak, karibu na Kabul, walipewa Wachina mwaka 2007. Miaka 15 baadaye hakuna shaba iliyotoka ya kutajwa. Vita, mabaki ya kale ya Kibuddha yaliyo juu ya mgodi, mabishano ya masharti, kila kitu kilichangia. Kwa mwanakijiji mali halisi ilikuwa afyuni. Utomvu wake ukikauka unakaa miaka bila kuoza, kwa hiyo ni benki ya mtu asiye na benki: unakopea, unalipia mahari, unauguzia. Aprili 2022 Taliban wakapiga marufuku, na mwaka 2023 kilimo cha mipopi, mmea unaotoa afyuni, kikashuka kwa asilimia 95. Hekta moja ya afyuni ilikuwa ikiingiza kama dola 10,000. Ya ngano, dola 770. Mwenye ardhi aliyekuwa na akiba stoo alifurahi, maana bei ilipaa. Mkulima wa kugawana mazao, asiye na shamba wala stoo, aliishiwa hapohapo. Ukiona takwimu ya "mapato ya wakulima wa Afghanistan", uliza ni ya yupi kati ya hao wawili.

Kwenye jamii yenyewe, tofauti kubwa kuliko zote ni wanawake, na hapo mlinganisho unakatika. Kwa Waute wanawake wanagombea na kuchaguliwa. Regina Lopez-Whiteskunk wa Ute Mountain alikuwa mjumbe wa baraza na mmoja wa waliobeba bendera ya kulinda eneo la Bears Ears hadi likatangazwa hifadhi mwaka 2016. Afghanistan, wasichana walifungiwa sekondari tangu Septemba 2021, vyuo vikuu Desemba 2022, na mwezi huohuo wanawake wakakatazwa kufanya kazi kwenye mashirika ya misaada. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilikadiria kuwa kuwatoa wanawake kazini kunaweza kuigharimu nchi hadi dola bilioni 1 kwa mwaka. Hiyo haikuletwa na mgeni yeyote.

Ajabu ni kwamba kilio cha Waute kuhusu shule ni kinyume chake. Wao shule waliijua kama mahali mtoto anachukuliwa kwa nguvu, anakatwa nywele, anapigwa akisema Kiute. Wamekuwa wakijaribu kuifanya iwe yao: mwaka 2021, wiki chache tu kabla ya malango kufungwa Kabul, Towaoc walifungua shule yao wenyewe, Kwiyagat, yenye kufundisha lugha na utamaduni wao kwa watoto wadogo.

Kitu ambacho Waafghani wanacho kuliko Waute ni mtandao wa kuishi bila serikali. Hawala unaijua, kutuma fedha kupitia mawakala wanaoaminiana bila benki, ipo Mombasa na Dubai. Huko ilibeba uchumi mzima benki zilipokauka. Baraza la wazee linaamua mgogoro wa maji bila karatasi. Waute wengi wa leo wanategemea ofisi ya kabila na ofisi za serikali kuu, na ofisi hizo zikiyumba hakuna cha kudakia chini yake.

Kwa darasa, ningekushauri uache mjadala wa "nani ana afadhali". Wagawe makundi matatu: mmoja achukue Waute wa Kusini, wa pili Ute Mountain, wa tatu Helmand badala ya Afghanistan yote. Kila kundi lijibu kwa kila miaka 20 tangu 1880: nani aliruhusiwa kusaini mkataba wa ardhi, maji au madini, fedha zilikaa wapi, nani angeweza kukataa. Wakimaliza, wape mabadiliko ya mwaka 2017 ya sheria yetu ya madini wayapitishe kwenye maswali hayohayo.